Matundu mawili yanatosha

Hotuba kwa waimbaji, maprodyuza wa nyumbani na watengenezaji wa podikasti, Morogoro

Wakubwa, shikamooni. Wadogo zangu, habari za mchana. Asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua saundi kadi ya bei nafuu kwa mtu anayerekodia nyumbani, na aliyeniomba alinipa sharti: usije ukatuambia "inategemea", tunataka majina tukanunue. Majina nitayataja, msiwe na wasiwasi. Kabla ya hapo nina swali moja, kila mtu ajibu kimoyomoyo. Siku ukikaa kurekodi, ni vitu vingapi vinaingia kwa mpigo mmoja? Siulizi wimbo ukikamilika una vitu vingapi ndani. Nauliza vinavyoingia kwa wakati mmoja.

Kijana wa bongo fleva biti yake imeshapikwa kwenye kompyuta. Kinachoingia ni sauti yake tu. Akirudia kiitikio mara nane ili kisikike kimeshiba, bado ni sauti moja iliyoingia mara nane. Dada wa podikasti ana yeye na mgeni wake: viwili. Mpiga gitaa anayeimba: viwili. Msomaji wa vitabu vya sauti: kimoja. Wa qaswida na dufu lake: viwili. Ukiondoa bendi inayotaka kurekodi dramu laivu pamoja na wapigaji wote, sioni humu ndani mtu anayehitaji zaidi ya matundu mawili. Lakini ukienda Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, utawakuta watu wanaulizia yenye matundu manane, tena kwa kukopa.

Hapa tuko mji wa Mbaraka Mwinshehe, kwa hiyo mniruhusu niseme kidogo la zamani. Bendi zilipoingia studio za Radio Tanzania zilipiga wote kwa pamoja, maiki zikiwa za kuhesabika. Hakukuwa na kusema "nitarudia mstari wangu peke yangu baadaye". Na nyimbo zile mnazisikia mpaka leo, mnazicheza kwenye harusi. Kisha ikaja miaka ya 1990 na 2000, kijana wa Morogoro akitaka kurekodi anapanda basi kwenda Dar, anapanga foleni kwa Master J pale MJ Records au kwa P-Funk pale Bongo Records, na siku yake ikifika anaimba huku anaangalia saa. Leo kile chumba cha studio kimebaki kisanduku kinachoenea kwenye begi la shule. Nafasi hiyo tumeipata. Ninachoogopa ni kuona watu wanaipoteza dukani kwa kununua namba zilizoandikwa kwenye boksi.

Kisanduku chenyewe kinafanya nini? Kinapokea umeme mdogo sana kutoka kwenye maiki, kinaukuza, kinaugeuza kuwa namba ili kompyuta izielewe. Halafu kinafanya kinyume chake: kinachukua namba za kompyuta na kuzirudisha kuwa sauti ya hedifoni na spika. Kugeuza kuwa namba, siku hizi hata za bei ya chini zinafanya vizuri. Kazi ya kukuza ndiyo inayotenganisha moja na nyingine, na ndiyo nitakayokaa nayo muda mrefu leo.

Tazameni hapa mezani. Hii ni maiki ya dainamiki, aina ile ya jukwaani yenye kichwa cha wavu. Hii hapa ni saundi kadi ya matundu mawili. Nachomeka kebo ya XLR, ile ya maiki yenye pini tatu. Nazungusha gaini, nobu ya kukuza sauti, mpaka nusu, naongea kama ninavyoongea na nyie, maiki iko shubiri moja kutoka mdomoni. Walio mbele angalieni taa iliyozunguka nobu: kijani kinawaka kwa kusitasita. Napandisha mpaka robo tatu. Sasa kijani kinawaka kila ninapotamka neno. Napandisha mpaka mwisho, halafu nanyamaza. Sikilizeni spika.

Mmeusikia? Ule mchakacho, shshsh, kama redio iliyokosa stesheni. Hiyo si feni wala si jirani. Ni ampu ya ndani ya kisanduku yenyewe, imeshafika mwisho wa nguvu zake. Nikirekodi hivi, kijana atakwenda kumiksi, ataongeza kompresa, ile inayosawazisha sauti kubwa na ndogo, na mchakacho utapanda pamoja na sauti. Hapo ndipo utasikia "saundi kadi yangu mbovu". Kumbe si mbovu. Imepewa maiki isiyolingana na nguvu zake.

Maiki ya dainamiki inatoa umeme kiduchu. Chukueni Shure SM58, ambayo iko sokoni tangu 1966 na kila mtu hapa ameshaishika, au ameshika bandia yake. Ukiipa sauti ya desibeli 94, ambayo ni kubwa, inatoa milivolti 1.85. Sauti ya mtu anayesoma hadithi taratibu iko chini ya hapo sana. Sasa iwekeni kando ya maiki ya kondensa ya bei ya kati kama Audio-Technica AT2020: kwa sauti ileile inatoa milivolti 14 hivi. Ni zaidi ya mara saba. Maana yake saundi kadi inayotoa jasho kwa SM58, kwa AT2020 inafanya kazi ikiwa imekaa kitako.

Basi si wote tununue kondensa? Hapana, na sababu ni nyumba zetu. Kondensa haichagui cha kusikia. Inasikia jogoo, inasikia bodaboda inayopanda kilima, inasikia muuza maji na mwenzake wanabishana bei, na mvua ikipiga bati ujue leo hakuna kurekodi. Dainamiki ukiisogelea karibu inakusikia wewe, kelele za mbali inazipa mgongo kiasi cha kutosha. Kwa hiyo mtu anayekaa uswahilini, nyumba zimebanana, ukuta mmoja na jirani, namshauri dainamiki bila kusita. Lakini akishachagua dainamiki, lazima saundi kadi yake iwe na gaini ya kutosha. Aliyebahatika kuwa na chumba kimetulia, nyumba iko ndani ndani huko mbali na barabara, achukue kondensa, na saundi kadi ya bei ya chini kabisa itamtosha. Nyumba inachagua maiki, na maiki inachagua saundi kadi. Sisi tunaanza na saundi kadi, ndiyo maana tunarudi dukani.

Kuna maiki moja imewaponza wengi. Mnaiona kwa kila mtangazaji wa YouTube: Shure SM7B, ile nyeusi nene. Hiyo inatoa milivolti 1.12 tu, na Shure wenyewe wanasema uwe na ampu inayokuza angalau desibeli 60. Sasa Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu, ile ya mwaka 2019 iliyojaa madukani na mitumbani, inakuza desibeli 56. Mmeliona pengo? Mtu amenunua maiki ya gharama kuliko saundi kadi, ameiunganisha, anasikika kama anaongea akiwa chumba cha pili. Ataambiwa anunue Cloudlifter au FetHead, vidude vinavyokaa katikati ya kebo na kuongeza desibeli 25 hivi. Vinafanya kazi kweli, ila ni pesa nyingine. Scarlett 2i2 ya kizazi cha nne, iliyotoka 2023, imefika desibeli 69, hiyo inaisukuma SM7B yenyewe bila msaada. Kwa hiyo ukiwa dukani, au unasoma maelezo mtandaoni, tafuta neno "gain range" na namba ya desibeli iliyo mbele yake. Hiyo ndiyo namba ya kuulizia. Muuzaji asipoijua, iko kwenye tovuti ya watengenezaji.

Namba wanayokusomea wauzaji ni nyingine: kilohezi 192, yaani sauti inapimwa mara 192,000 kwa sekunde, na kila kipimo kinaitwa sampuli. Hiyo imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, na nitaipitia haraka kwa sababu haistahili muda wenu. Sikio zuri la kijana linasikia mpaka kilohezi 20. CD inatumia 44.1 na inabeba yote hayo. Video zinatumia 48. Rekodi kwa 48, au 44.1 kama ni muziki mtupu, na 192 waachie wanaorekodi popo. Ukiiwasha, faili linakuwa kubwa mara nne kuliko la 48, na laptopu ya mkopo inaanza kukoroma.

Biti, siyo ile ya wimbo bali wingi wa tarakimu zinazoandika kila sampuli, ni jambo kidogo tofauti. Mashine za chini kabisa, kama Behringer UM2 na M-Audio M-Track Solo, zinarekodi biti 16. Zinazofuata ni biti 24. Biti 16 inakupa desibeli 96 kati ya kimya na kupasuka, na 24 kwa hesabu za karatasini ni 144, ingawa hakuna saketi inayofika huko. Faida ya 24 si kwamba sauti inakuwa tamu. Faida ni kwamba unaweza kurekodi chini kidogo, kilele chako kikigusa kasoro desibeli 12, yaani 12 chini ya kupasuka, ukaacha nafasi juu kwa ajili ya ile sehemu mwimbaji anapopagawa, na usipoteze kitu. Ukiwa na biti 16 inabidi uwe mwangalifu zaidi na nobu yako. Lakini kwa sauti ya mtu mmoja ndani ya chumba cha kawaida, kelele za chumba zinazidi kelele za biti 16. Asikudharau mtu kwa UM2 yako.

Sasa suala la kuchelewa. Mwimbaji anavaa hedifoni, anaimba, na anajisikia amechelewa. Anavuta mdundo nyuma, anakasirika, anavua hedifoni sikio moja, biti inavuja kwenye maiki. Mnaijua hiyo. Kompyuta inakusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuishughulikia, na fungu hilo linaitwa bafa. Bafa ya sampuli 256 kwa kilohezi 48 ni milisekunde 5.3, sawa na kumsikia mtu aliyesimama mita moja na robo tatu kutoka kwako. Haikusumbui. Ya 1024 ni milisekunde 21, mita saba, na hiyo ni safari ya kwenda tu. Kuna na kurudi. Hapo mwimbaji anapotea.

Dawa ziko mbili. Iliyo rahisi ni swichi ya "direct monitor": sauti yako inatoka kwenye maiki inaingia hedifoni moja kwa moja bila kupita kwenye kompyuta. Usinunue saundi kadi isiyo nayo. Ubaya wake ni kwamba hutajisikia na mwangwi wala otochuni, unajisikia mkavu kama ulivyo. Kuna wasanii wanalikataa hilo kabisa. Kwa hao dawa ni draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na saundi kadi. Kwenye Mac halina shida, mfumo wenyewe umeshaliweka sawa. Kwenye Windows, ambako wengi wetu tuko, unahitaji draiva ya ASIO, utaratibu uliobuniwa na Steinberg mwaka 1997 na unaotumika mpaka leo. Angalia kama mtengenezaji ametoa draiva yake mwenyewe ya ASIO kwa ajili ya mashine unayonunua. UM2, kwa mfano, haina, watu wanatumia ASIO4ALL ambayo ni ya bure na inafanya kazi, lakini kuna laptopu inagombana nayo. Kama unarekodi tu na kujisikiliza kwa "direct monitor", haikuhusu. Kama unapiga kinanda cha MIDI, kile ambacho mlio wake unatengenezwa na kompyuta, na unataka kusikia mlio papo hapo, inakuhusu sana.

Umeme. Hapa ndipo watu wetu wanapoteza siku nzima, na vitabu vya wenzetu havisemi mengi. Saundi kadi za matundu mawili nyingi zinakula umeme wa USB, volti 5, hazina adapta. Kwetu hilo ni jambo kubwa. Umeme ukikatika, laptopu inaendelea na betri, saundi kadi inaendelea, mwimbaji anaendelea, na kwa kweli kuna rekodi nzuri zinazotoka mtaa mzima ukiwa gizani, maana hata redio za majirani zimenyamaza. Ukienda kwenye matundu manne na kuendelea, kama Behringer UMC404HD, unaanza kudaiwa adapta ya ukutani. Ukiagiziwa na ndugu aliyeko Marekani, isome adapta kabla hujaichomeka: iwe imeandikwa 100 mpaka 240. Ikiwa ya volti 120 peke yake, siku ya kwanza ndiyo siku ya mwisho.

Halafu ule mvumo. Mmmmm, chini, hauishi. Umeme wetu unakwenda hezi 50, na mvumo wenu mara nyingi ni huohuo, hezi 50 na ya 100 juu yake. Nyumba nyingi soketi ina matundu matatu lakini waya wa ardhi nyuma yake haujaungwa popote. Chaja ya laptopu inatupa uchafu wake kwenye USB, na gitaa linaupokea kwa furaha. Kabla hujairudisha saundi kadi dukani, fanya jambo hili: chomoa chaja, laptopu ibaki na betri. Mvumo ukikatika, saundi kadi haina kosa. Rekodi kwa betri, au mwite fundi umeme akachimbie ardhi, ambalo ungepaswa kulifanya hata kama huimbi. Na mpiga gitaa: sogea mbali na taa za tyubu na ile feni yenye kirekebisha kasi.

Haya, majina.

Lakini ngoja, kuna mtego mmoja kwanza, kwa sababu nimeona watu wa podikasti wananaswa nao kila mwaka. Tundu na tundu hazifanani. Scarlett Solo ina matundu mawili ukiitazama haraka, M-Track Solo vilevile, UM2 vilevile. Lakini la maiki ni moja tu. La pili ni la gitaa, kinanda au kifaa kingine cha laini, halina ampu ya maiki wala volti 48, ule umeme unaoilisha maiki ya kondensa. Watu wawili wa podikasti wananunua Solo kwa sababu jirani anayo, wanafika nyumbani maiki ya pili haina pa kwenda, wanaishia kugombania moja. Ukiwa na maiki mbili, hesabu matundu ya XLR. Yawe mawili.

Kwa mtu mmoja, sauti moja, mfuko mwepesi, maiki ya kondensa: UM2 au M-Track Solo. Basi. Usisikilize maneno.

Kwa maiki mbili na mfuko uleule ulioongezewa kidogo: Behringer UMC202HD. Ina ampu mbili za maiki zilizosanifiwa na Midas, ina biti 24, ina draiva yake, inakula umeme wa USB. Mtu akiniamsha usiku akaniuliza, ndiyo ninayoitaja. Sura yake haivutii na hakuna atakayekusifia kwenye picha.

Scarlett 2i2 ya kizazi cha nne ni kwa mwenye dainamiki ngumu kama SM7B, au anayetaka mashine imsaidie kupanga gaini yenyewe, maana inafanya hivyo. Ilipotoka Marekani ilikuwa chini kidogo ya dola 200. Bei ya shilingi sitaji, dola haitulii, na ukiagiza mwenyewe kumbuka kuna VAT ya asilimia 18 hapa, 16 Kenya, na ushuru mwingine unakusubiri. Mashine inayoonekana rahisi mtandaoni inaweza kufika mlangoni ghali kuliko ya dukani.

Audient EVO 4 naipenda kwa watu wa mahojiano. Unabonyeza kitufe, unaongea sekunde chache, inajipangia gaini. Pia ina lupubaki, yaani sauti inayotoka kwenye kompyuta inaweza kurekodiwa pamoja na yako. Mgeni wako yuko Muscat au Toronto, mnaongea kwa Zoom, yeye na wewe mnaingia pamoja. MOTU M2 ina kioo kidogo kinachoonyesha kiwango cha sauti, nzuri sana, ila tukifika huko tumeshatoka kwenye neno "nafuu".

Na zile za vitufe vya makofi, kicheko na ving'ora? Najua nusu ya ukumbi inazo. Zilitengenezwa kwa ajili ya kwenda laivu kwa simu, na kwa kazi hiyo hazina ubaya. Kwa kurekodi wimbo, tatizo ni kwamba nyingi hazitoi volti 48 za kweli ambazo kondensa inazihitaji, na sauti inaingia kwenye simu kwa kijiwaya cha hedifoni, ambacho kina kelele zake. Kama pesa ndiyo hiyo na hakuna nyingine, itumie, jifunze kuimba karibu na maiki. Usiongezee pesa kununua kubwa yake yenye vitufe vingi zaidi. Ongezea ununue UM2.

Wa simu hamjasahaulika. Simu nyingi za Android zenye OTG, yaani zinazokubali kuchomekewa vifaa vya USB, na iPhone kuanzia 15 ambayo ilikuja na USB-C mwaka 2023, zinaweza kuunganishwa na saundi kadi ya USB isiyohitaji draiva maalumu. Kinachosumbua ni umeme: simu inachoka kuilisha, hasa ukiwasha volti 48. Tafuta habu ya USB inayojichomeka ukutani au kwenye pawabenki, katikati yao.

Mitumba nayo. Mimi sina neno na mtumba, saundi kadi nzuri inadumu. Ila usichukue yenye FireWire hata kama unapewa kama shukrani. Kompyuta za sasa hazina tundu hilo. Ya USB, kabla ya kutoa pesa, nenda tovuti ya mtengenezaji uone kama kuna draiva ya Windows unayotumia. Zungusha nobu zote huku umevaa hedifoni: zikikwaruza sana, vumbi limeingia, na ikiwa imetoka Tanga au Mombasa angalia na kutu ya chumvi kwenye matundu. Jaribu tundu moja moja, halafu washa 48 na ujaribu kondensa. Programu zinazokuja nayo zinasajiliwa kwa namba ya mashine, kwa hiyo ya mtumba mara nyingi mwenye kwanza ameshazichukua. Usiuziwe kwa kuhesabiwa hizo.

Pesa iliyobaki. Maana ukinisikiliza, itabaki. Stendi ya maiki inayosimama kweli. Kichujio cha pumzi, kile cha kitambaa, kwa ajili ya P na B. Hedifoni za kufunika sikio zisizovuja. Kebo ya XLR isiyo ya bei ya karanga. Halafu godoro: lisimamishe nyuma ya mwimbaji, siyo nyuma ya maiki, kwa sababu maiki nyingi zinasikia mbele, na mbele yake ni wewe na ukuta ulio nyuma yako. Mapazia mazito, kabati la nguo likiwa wazi, zulia. Chumba cha sementi tupu kinaharibu sauti kuliko tofauti ya saundi kadi zote nilizozitaja.

Nina dakika chache za maswali. Ndiyo, kaka, wewe wa nyuma.

Ameuliza kama akinunua ya biti 24 wimbo wake utapigwa redioni. Kaka, redioni wanataka wimbo. Kisha wanataka usiwe umepasuka. Ukipasuka wakati wa kurekodi hakuna atakayeushona, awe na biti ngapi. Weka kilele chini, basi.

Mama mwenye kitenge cha bluu. Anasema kwaya yao ina watu arobaini na kinanda, wameambiwa wanunue mashine ya matundu kumi na sita.

Mama, aliyewaambia ana yake ya kuuza. Nunueni UMC202HD, au 2i2 kama kamati imeridhia, na maiki mbili za kondensa za aina moja, zile nyembamba kama kalamu. Ziwekeni kwenye stendi moja ndefu katikati, mbele ya kwaya, mita mbili au tatu kutoka mstari wa kwanza, juu kidogo ya vichwa. Maiki ziachane sentimita 17, moja ielekee kulia na nyingine kushoto, pembe kati yao nyuzi 110. Wafaransa wa redio walilibuni hilo zamani na linafanya kazi kanisani kwenu vilevile. Gaini ya maiki zote mbili iwe sawa. Chomekeni kebo kwanza, ndipo muwashe 48, na spika ziwe zimezimwa wakati huo, zisije zikapiga mlio.

Rekodini ubeti mmoja. Sikilizeni. Kuna besi mmoja atakuwa anawafunika wenzake, kila kwaya inaye. Arudi nyuma mistari miwili, rekodini tena. Soprano wakisikika mbali, wasogee. Kinanda kitoke kwenye spika yake ndogo, iwekwe kando ya kwaya, sauti chini mpaka waimbaji waisikie tu. Mkitaka kinanda kiwe peke yake ili mkirekebishe baadaye, mpiga kinanda arekodi kwanza, moja kwa moja kwa kebo mbili, kushoto na kulia, kwenye matundu yaleyale mawili. Kisha kwaya iimbe juu yake, mwalimu akiwa amevaa hedifoni na kuongoza kwa mkono. Mjaribu njia zote mbili Jumamosi kabla ya siku yenyewe. Kwaya nyingi ninazozijua zinaishia kwenye ile ya kwanza, kwa sababu waimbaji wanapumua na kinanda.